Mkoba Mmoja, Midomo Saba: Vidokezo 14 vya Umeme wa USB kwa Mpima Sauti

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, kwenye ukumbi mmoja mkubwa mjini Morogoro. Nilitaka kupima kelele za ukumbi mtupu kabla barabara haijaamka, nijue spika zitakuja kushindana na nini. Maikrofoni iko kwenye stendi, laptopu iko mezani, mchoro unatembea kwenye kioo. Na kwenye mchoro kuna miiba miwili: mmoja kwenye hezi 1,000, mwingine kwenye hezi 8,000.

"Shikamoo mzee, naomba tuzime feni kidogo."

"Marahaba, mwanangu." Mlinzi akazima feni zote. Miiba ipo. Tukazima taa za jukwaani, tukazima na friji ya jikoni nyuma ya ukumbi. Miiba ipo. Mwisho nikachomoa maikrofoni yenyewe, na miiba ikabaki imesimama kama misumari.

Kumbe kelele haikuwa ya ukumbi, ilikuwa ya mkoba wangu. Mawasiliano ya USB huenda kwa mapigo: vifaa vya kasi ya kawaida hupigiwa hodi mara 1,000 kwa sekunde, vya kasi kubwa mara 8,000. Umeme ukiwa mchafu au mchache, mapigo hayo hupenya hadi kwenye njia ya sauti. Nami nilikuwa nimebebesha kadi ya sauti, diski, kihisi cha joto na ruta kwenye habu moja ya bei nafuu, yaani kile kisanduku kinachogawa tundu moja la USB kuwa manne, na habu yenyewe ikinyonya chaja ya simu.

Tangu asubuhi ile nauhesabu umeme kuwa sehemu ya kipimo, sawa na maikrofoni. Kifaa chenye njaa hakisemi kwamba kina njaa. Kinakupa namba tu. Mwenye ukumbi ataiamini namba hiyo, atanunua spika au atabandika magodoro ukutani kwa gharama yake. Kwa hiyo nimekusanya hapa mambo ninayoyafuata kila ninapotoka na mkoba. Ndani yake mna midomo saba: laptopu, kadi ya sauti yenye njia mbili za maikrofoni, kihisi cha joto na unyevu, diski ya nje, ruta ndogo ya Wi-Fi, tableti na taa. Wewe unaweza kuwa unapima hewa, maji au udongo. Badilisha majina ya vifaa, mengi ya haya yatakufaa vilevile.

1. Punguza midomo kabla ya kuongeza chakula

Kabla hujanunua pawabenki ya pili, uliza kila kifaa kina kazi gani wakati kipimo kinaendelea. Diski ya nje? Haina. Hifadhi kazi ndani ya laptopu, nakili jioni. Taa? Tafuta yenye betri yake. Tableti? Ichaji usiku uliotangulia. Ruta ninayoitumia kuiongoza laptopu nikiwa nyuma ya ukumbi nimeipa pawabenki yake ndogo, na haigusani na wengine.

Wamebaki watatu: laptopu, kadi ya sauti, kihisi. Kihisi siwezi kukiacha nyumbani, maana sauti hukimbia kwa kasi tofauti joto likibadilika: karibu mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20, karibu 349 kwenye nyuzi 30. Kwa spika iliyo mita 30 kutoka jukwaani, tofauti hiyo ni kama milisekunde moja na nusu. Ukipanga ucheleweshaji wa spika ukumbini AC ikiwa inavuma, kisha watu elfu moja wakaingia na joto lao, ni muhimu ujue ulipima kwenye nyuzi ngapi.

2. Andika bajeti, na uiandike kwa kupima

Kibandiko cha chini ya kifaa kinakupa kiwango cha juu, tena mara nyingine ni cha chaja wala si cha kifaa. Nunua kipima USB, kile kidude chenye kioo kidogo kinachochomekwa kati ya tundu na kebo, kikakuonyesha volti na ampea papo hapo. Si ghali, na wauza vifaa vya simu Kariakoo au Luthuli, Nairobi, wanavijua.

Pima kila kifaa katika hali tatu: kinapowaka, kinapokaa tu, na kinapofanya kazi kwa nguvu. Hali ya tatu ndiyo watu huiruka. Kadi yangu ya sauti ikikaa bure hula miliampea 310. Nikiwasha umeme wa maikrofoni mbili inapanda hadi 430. Ruta ni 450 ikiwa na kazi. Diski ni 600 ikiandika, na ikiamka inaruka karibu na 900. Kihisi ni 30 tu, kama shomoro mezani.

Jumla yake, kama vyote vingechomekwa pamoja na diski ikiwa kazini, ni miliampea 1,510. Kwa volti 5 hiyo ni kama wati saba na nusu. Ongeza theluthi moja juu ya jumla yako, kwa ajili ya ile miruko ya kuamka, na hapo umepata ukubwa wa chanzo unachokihitaji. Karatasi ya bajeti naibandika ndani ya kifuniko cha mkoba. Kikiongezeka kifaa, nakipima na kuiandika upya karatasi.

3. Ijue hesabu ya 500

Tundu la USB 2.0 limeahidi miliampea 500. La USB 3.0 limeahidi 900. Ahadi hiyo ni ya tundu zima. Ukiweka habu isiyo na chaja yake, hukuongeza umeme hata chembe. Umeongeza wagawanaji, na habu yenyewe ni mmoja wao. Kwa kanuni za USB 2.0, habu ya namna hiyo inajitwalia fungu la 100 na kuachia kila tundu, kati ya matundu manne, 100.

Kadi ya sauti inayotaka 430 itafanya nini ikipewa 100? Mara nyingi itawaka, na hapo ndipo ilipo hatari. Habu nyingi za bei nafuu hazimzuii yeyote. Zinaviacha vifaa vigombanie kilichopo. Volti inashuka kwa wote, taa za kijani zinawaka kwa wote, na wewe unaamini mambo ni shwari.

Kama ni lazima utumie habu, nunua inayokuja na adapta yake, na usome adapta hiyo inatoa ampea ngapi. Habu ya matundu saba yenye adapta ya ampea 2 haina umeme wa matundu saba.

4. Soma maandishi yaliyo kwenye kebo

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa kebo imeharibu vipimo vingi kuliko kifaa kingine chochote ninachokijua.

Chukua kebo yako ya USB, iinamishe kwenye mwanga wa dirisha. Nyingi zina maandishi madogo yaliyochapwa kwenye gamba, kitu kama *28AWG/1P 24AWG/2C*. Sehemu ya kwanza ni jozi ya nyaya za data. Ya pili ni nyaya mbili za umeme, na hiyo ndiyo unayoitaka. Namba inakwenda kinyume: inavyokuwa ndogo, waya unakuwa mnene. Yaani 24 ni mnene kuliko 28, na 20 ni mnene kuliko 24.

Sasa tazama unene huo unafanya nini. Waya wa 28 una ukinzani wa kama omu 0.21 kwa kila mita. Kebo ya mita mbili ina mita nne za waya, kwa sababu umeme unakwenda na kurudi. Hiyo ni karibu omu 0.85. Ukipitisha ampea 1.5, unapoteza volti 1.3 njiani. Umetoka na 5, umefika na 3.7. Hakuna kadi ya sauti itakayokushukuru. Kebo ya urefu uleule yenye nyaya za 24 inapoteza nusu volti. Ya 20 inapoteza 0.2 tu.

Kwa hiyo kebo za mkobani kwangu ni fupi, nusu mita au pungufu, na nene. Zile nyembamba ndefu zilizokuja na simu zimebaki nyumbani zichaji simu. Tena kuna kebo zisizo na nyaya za data kabisa, za kuchajia tu. Zikichanganyika na nyingine utapoteza saa nzima ukitafuta kwa nini kompyuta haikioni kifaa. Funga selotepu nyekundu kwenye kila moja ya hizo, leo.

Kisha hakiki kwa kipima chako, upande wa kifaa, si upande wa chanzo. Tundu zuri la USB 2.0 linatoa kati ya volti 4.75 na 5.25. Mimi nikiona chini ya 4.6 pale kadi ya sauti inapopokea, nabadilisha kebo bila kujiuliza mara mbili.

5. Kadi ya sauti ipate tundu lake peke yake

Maikrofoni nyingi za kupimia zinataka volti 48, zinazopita kwenye waya uleule unaobeba sauti. USB inaleta 5. Ndani ya kadi kuna saketi ndogo inayopandisha 5 kuwa 48, na inapobanwa, 48 inashuka au inaanza kutetereka. Baadhi ya maikrofoni huvumilia. Nyingine huanza kukwaruza sauti kubwa mapema kuliko kawaida yake, na wewe utasema spika za ukumbi ndizo zimechoka.

Chomeka kadi moja kwa moja kwenye laptopu. Diski, ruta na taa, kama vipo, viende upande mwingine, kwenye habu yenye adapta au kwenye pawabenki.

Na ukitaka maikrofoni ifike nyuma kabisa ya ukumbi, refusha waya wa maikrofoni. Usirefushe USB. Kebo ya USB 2.0 mwisho wake ni mita 5. Waya wa maikrofoni wa pini tatu unakwenda mita 50 bila shida. Nimewaona vijana wakiunganisha kebo tatu za USB kwa viunganishi ili laptopu ikae karibu na miksa, wakati rola nzima ya waya wa maikrofoni imelala pembeni yao.

6. Pima ukiwa kwenye betri

Laptopu ikiwa kwenye chaja ya ukutani na kadi ya sauti imeunganishwa na miksa ya ukumbi, umetengeneza mduara: umeme wa ukumbi unaingia kwa chaja, unapita kwenye USB, unatokea kwenye waya wa sauti na kurudi kwenye ethi ya miksa. Utasikia muungurumo. Kwenye mchoro utauona wazi, hezi 50 na ndugu zake 100 na 150. Chaja nyingi za pini mbili nazo huvujisha umeme kidogo. Ndiyo ile hali ya kuhisi kama kitu kinakutekenya ukipitisha kidole kwenye mwili wa laptopu ya chuma.

Chomoa chaja, pima, rudisha chaja. Mara nyingi hilo pekee linamaliza tatizo.

Nakuomba jambo moja kwa dhati: usikate pini ya ethi ya kifaa chochote, wala usiibane ekstensheni ya pini tatu kwenye plagi ya pini mbili, ili tu muungurumo uondoke. Nimeikuta hiyo kwenye kumbi nyingi. Pini ile ipo ili mwili wa kifaa usije ukawa na umeme siku ndani pakiharibika, na mtu ameshika maikrofoni ya chuma mkononi.

Kuna vitenganishi vya USB, visanduku vidogo vinavyokata muunganiko wa umeme na kuacha data ipite. Vinafaa, ila uliza kasi kabla ya kununua. Vingi vya bei ya chini vinaishia megabiti 12 kwa sekunde, na kadi nyingi za sauti za sasa zinataka 480. Uliza pia kinatoa miliampea ngapi upande wa pili, maana vingine hutoa kiduchu.

7. Pawabenki: hesabu wati-saa

Namba kubwa iliyoandikwa juu ya pawabenki, tuseme miliampea-saa 20,000, ni ya seli za ndani, zenye volti kama 3.7. Zidisha: wati-saa 74. Kuzipandisha hadi volti 5 kunakula sehemu yake, kwa hiyo mimi hupiga hesabu ya asilimia 85, napata 63.

Bajeti yangu ya wati saba na nusu inakwenda saa nane na zaidi. Siku nzima ya kazi. Lakini nikiichomeka na laptopu inayokula wati 20 kwenye pawabenki ileile, nimefika wati 27.5, na saa nane zimekuwa mbili na dakika chache. Hii ndiyo sababu nina pawabenki mbili na kila moja ina kazi yake.

Ukisafiri kwa ndege, kumbuka mpaka ni wati-saa 100 bila kuomba ruhusa ya shirika la ndege. Kati ya 100 na 160 unaomba kwanza. Na pawabenki inapanda nawe kwenye mkoba wa mkononi, haiingii kwenye mzigo wa chini. Ya 20,000 ina wati-saa 74, iko salama.

8. Pawabenki inayosinzia

Ukichomeka kihisi cha miliampea 30 peke yake, pawabenki nyingi zitadhani hakuna kitu na kujizima baada ya muda mfupi. Zimetengenezwa kwa ajili ya simu: simu ikijaa, zijizime. Utarudi baada ya saa moja ukute rekodi ya nusu dakika.

Baadhi zina hali ya mizigo midogo, mara nyingi unabonyeza kitufe mara mbili. Soma karatasi iliyokuja nayo. Kama ya kwako haina, ipe mzigo wa kuiweka macho. Kitaa kidogo cha LED cha USB kinatosha. Kitakula umeme, ndiyo, lakini kiweke kwenye bajeti na maisha yanaendelea.

9. Hakuna anayechomeka simu katikati ya kipimo

Nilikuwa narekodi kelele za saa nzima kwenye ukumbi wa harusi, mchana, tukitaka kujua ni kiasi gani cha sauti ya barabara kinachoingia. Dakika ya 40, dada mmoja wa ukumbini akaja ameshika simu. "Kaka, naomba nichaji kidogo, imebaki asilimia mbili." Chaja yangu ilikuwa na matundu matatu, moja tupu. "Chomeka tu, dada."

Akachomeka. Taa za habu zikazimika, zikarudi. Sekunde moja, labda mbili. Kadi ya sauti ikapotea kwenye laptopu, programu ikasimama, dakika 40 zikakatikia pale.

Hakuwa na kosa hata kidogo. Chaja nyingi za matundu kadhaa zina fungu moja la wati kwa matundu yote. Mgeni akifika, chaja inakata kwa kila mtu, inagawa upya, halafu inaanza tena kuzungumza na kila kifaa kuhusu volti na ampea. Simu haijali kukatiwa sekunde mbili. Kadi ya sauti inajali sana. Mchezo huohuo hutokea ukichomoa kifaa, si ukichomeka tu.

Sasa natembea na chaja ndogo ya ziada kwa ajili ya watu. Wanachaji, tunazungumza, na matundu ya kazi nimeyaziba kwa selotepu.

10. Kata umeme mwenyewe, nyumbani

Pawabenki nyingi zinaweza kuchajiwa huku zinalisha vifaa. Ni jambo zuri sana kwenye kumbi ambazo umeme unakuja na kuondoka. Swali ni nini kinatokea ile dakika umeme wa ukutani unapokatika. Nyingine zinahama bila kutetereka. Nyingine zinakata kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kadi ya sauti inaanguka.

Usisubiri kujua hilo mbele ya mteja. Panga vifaa vyote mezani nyumbani, anzisha rekodi, kisha chomoa chaja ukutani. Rekodi ikiendelea, rudisha chaja, maana nyingine huanguka wakati umeme unarudi. Fanya mara tano. Pawabenki iliyofaulu mara tano naiandika kwa makapeni: KAZI. Iliyoshindwa inaitwa SIMU.

Ukumbi ukiwa kwenye jenereta, usichaji chochote cha kipimo mpaka imeshika mwendo.

11. Plagi za duara na habu zinazorudisha umeme

Plagi ya duara ya habu ya volti 5 na ile ya ruta ya volti 12 zinaweza kuwa na ukubwa uleule kabisa. Niliwahi kuzichanganya gizani, nyuma ya jukwaa. Harufu ilitangulia, habu ikafuata, na diski iliyokuwa kwenye habu nayo ikaenda. Tangu hapo kila plagi ya duara ina selotepu: nyeupe kwa 5, njano kwa 12, nyekundu kwa zinazozidi hapo. Pamoja na zile kebo za USB-C zinazoilazimisha chaja itoe volti 12 au 20. Hizo zina mfuko wake.

Jambo lingine kuhusu habu zenye adapta: baadhi hupeleka umeme wa adapta kinyumenyume hadi kwenye laptopu. Jaribio ni rahisi. Washa adapta ya habu, chomoa ile kebo inayokwenda kwenye laptopu, na kwenye ncha yake chomeka kipima USB. Kioo kikiwaka, habu inarudisha umeme. Usiitumie na kompyuta unayoipenda.

12. C kwa C haikubali? Jaribu A kwa C

Tundu la USB-C halitoi volti 5 mpaka lione upande wa pili kuna rezista ya omu 5,100 inayosema "mimi ni mpokeaji". Watengenezaji wa vifaa vidogo vya bei nafuu huiacha rezista hiyo, na kifaa kinakuwa kama kimekufa ukitumia kebo ya C pande zote mbili. Kabla hujakirudisha dukani, jaribu kebo yenye plagi ya zamani ya A upande wa chanzo. Tundu la A huwa lina volti 5 muda wote.

13. Laptopu isilaze matundu, na mkoba usikae juani

Windows ina mpangilio wa kulaza matundu ya USB ili kuokoa betri. Uzime kwenye mipangilio ya umeme kabla ya kazi, na uuzime ule wa kompyuta yenyewe kusinzia. Pawabenki usiiache kwenye gari mchana, wala usiichaji ikiwa moto. Seli za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikizidi nyuzi 45, na dashibodi ya Dodoma inafika huko bila taabu. Na diski ya USB 3.0 iweke mbali na ruta: kebo zake hupiga kelele kwenye masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale ya Wi-Fi.

14. Kalibreta mwanzo, kalibreta mwisho

Kalibreta ni kile kikopo kidogo kinachovishwa kwenye kichwa cha maikrofoni na kutoa sauti moja inayojulikana, kwa kawaida desibeli 94 kwenye hezi 1,000. Wengi huivisha asubuhi tu. Ivishe na jioni, vifaa vyote vikiwa vimechomekwa vilevile, pawabenki ikiwa imeshuka, kebo zikiwa palepale. Namba mbili zikiachana kwa zaidi ya nusu desibeli, kuna kitu kimebadilika katikati, na mimi huanza kutafuta kwenye umeme.

Kisha ivue, funika maikrofoni kwa koti zito, uache mchoro utembee dakika moja ukumbi ukiwa kimya. Hii ndiyo picha ya mkoba wako wenyewe. Nazihifadhi hizo picha kila safari, nimeziandika tarehe na orodha ya vilivyochomekwa. Ya Morogoro ninayo bado, miiba miwili mirefu. Nilirudi ukumbini kesho yake saa ileile, kadi ikiwa peke yake kwenye laptopu, laptopu ikiwa kwenye betri. Mzee akazima feni bila kuambiwa, akavuta kiti, akakaa nyuma yangu kuangalia. Mchoro ulikuwa laini kuanzia mwanzo hadi mwisho, isipokuwa kibonge kidogo kwenye hezi 100. Hicho kilikuwa cha friji ya jikoni, tulikuwa tumeisahau.

Akainuka kwenda kuizima.